Mwalimu Anajibu: Kabla ya Povu Mlikuwa na Nini?

Barua za mwezi huu zimenikuta nyumbani Ujiji nina mafua, na barazani kuna madumu mawili ya mawese ambayo mwenyewe hajaja kuyachukua. Kwa hiyo muda ninao.

Kwa wageni wa ukurasa huu: hadithi yangu ya Povuni inatoka humu jaridani, sura moja kila mwezi. Ni nchi ya kubuni. Niliianza kwenye daftari la mazoezi nilipokuwa nafundisha jiografia, na nilipostaafu ikanifuata nyumbani. Sura tatu za kwanza zilisimulia jinsi Povuni ilivyoumbwa na enzi zake za mwanzo, na naona nimewavuruga wengi.

*Shikamoo Mwalimu. Umeandika kwamba kabla ya kila kitu kulikuwa na maji, na ndani yake Vizama saba. Hukusema nani aliyaumba maji wala nani aliviumba Vizama. Umesahau au umeficha? – Msomaji, Kasulu*

Marahaba, mwanangu. Sijasahau wala sijaficha. Nimemfuata bibi yangu. Bibi alipotaka kutusimulia, usiku, tukiwa tunachambua chikichi, hakuanza na nani. Alisema "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!" Kisha akaendelea: paliondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, kijino kama chikichi. Kwa mtoto wa Ujiji mwenye vidole vyekundu kwa mafuta, hiyo chikichi ilitosha kuwa ushahidi kwamba hadithi zote za dunia zimetungwa hapa hapa kwetu. Nilikwenda chuo nikakutana na wasichana wa Tanga wanaoyajua maneno yale neno kwa neno, na niliumia siku mbili.

Sasa itazame hiyo *pakawa*. Pa, ka, wa. Mahali, halafu, kuwa. Humo hamna mtu. Hamna aliyefanya. Pana mahali tu, kisha pakawa. Nikaona kama bibi aliweza kuanzisha dunia bila kumtaja fundi wake, na sisi tukakaa kimya tukimsikiliza, basi nami naweza.

Ila sentensi ya kwanza ilinitoa jasho. "Kulikuwa na maji" ilikuwa pana mno, kama taarifa ya hali ya hewa. "Palikuwa na maji" ilinipa ukingo, na mwanzoni ukingo haukuwepo. Nikaishia "Mlikuwa na maji," ile *mu* ya ndani, ili msomaji aanze akiwa ameshazama. Mhariri akanipigia simu akasema wasomaji watadhani nawaambia wao ndio walikuwa na maji. Tukabishana mpaka salio langu likaisha. Alishinda yeye, ikachapwa "Kulikuwa." Leo nimemrudishia: soma kichwa cha habari hapo juu.

Na hilo la ndani sikulitoa hewani. Ziwa letu la Tanganyika, pale lilipo refu kuliko pote, lina kina cha mita 1,470. Duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya bahari. Lakini dagaa, migebuka, kuhe na sangala, wote tunaowaunga kwa mawese, wanaishi tabaka la juu tu. Ukishuka mita 100 hivi hadi 200, kutegemea mahali, oksijeni inakwisha. Kutoka hapo hadi chini kabisa ni maji ambayo samaki hawezi kuishi humo, kwa sababu kwetu hakuna baridi kali ya kuyapindua ya chini yaje juu. Nililifundisha somo hilo miaka mingi huku nikitazama dirishani. Siku moja msichana wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani aliitumia ikaisha?"

Darasa lilicheka. Mimi sikulala usiku ule.

Jibu langu ndiyo Enzi ya Pumzi Moja. Humo majini mlikuwa na pumzi moja tu, na Vizama saba vikaishi kwa kupokezana. Kimoja kikiivuta, sita vinasubiri vimefumba macho. Hapakuwa na mchana wala usiku, palikuwa na zamu. Kisha kizama cha saba, ndicho Ibuka, kikaivuta na hakikuirudisha. Kikapanda nayo, kikapanda, mpaka ikakishinda ikamtoka Ibuka mdomoni, ikawa povu. Povu hilo ndilo mbingu na nchi, na watu wote wa Povuni wanaishi ndani yake. Dunia yao nzima ni kitu cha kuazima ambacho hakijarudishwa. Ndiyo maana kule huwezi kwenda kwa jirani kuomba chumvi bila kusimama kwanza mlangoni ukatoa pumzi, haaa, ya kusikika, ajue kwamba wewe ni mtu unayekumbuka madeni.

Aliyeumba maji? Watu wa Povuni hawamjui. Mimi nakaa nao humo humo.

*Mwalimu, mimi nafundisha darasa la sita hapa Kigoma mjini. Katika sura moja nimehesabu makosa kumi na moja ya upatanisho wa ngeli. "Kizama kilipokea", "Vizama vilisubiri", halafu ghafla "Ibuka aliona". Kizama ni kiumbe hai, lazima kichukue a- na wa-. Unatuharibia watoto.*

Pole kwa kalamu nyekundu, mwenzangu. Kanuni unayofundisha ni sahihi: kiboko anakula, kifaranga amepotea, na mtoto akiandika "kiboko kinakula" mkate alama bila huruma.

Lakini rudi kwenye ile sentensi ya Ibuka kutoka majini: "Kikapanda, kikapanda, kikatoa kichwa, akaona." Nilitaka usikie pale hasa kitu kinapogeuka mtu. Waandishi wa hadithi za namna hii hutumia kurasa nzima kueleza roho iliingiaje mwilini. Mimi nimepewa na lugha yangu silabi moja, nisiitumie?

Jina Ibuka lenyewe lilinijia nikipasua migebuka, hilo halina siri. Na vile sita vilivyobaki chini vitaendelea kuwa *vile*. Hiyo ndiyo dharau ya watu wa Povuni kwa wadai wao. Ukimwita mtu kitu, deni lake linakuwa jepesi. Sura ya nne yupo kijana atakayesema "wale" badala ya "vile", na atafukuzwa kijijini. Kwa hiyo usiwasahihishie watoto mapema, utaniharibia sura.

*Sura ya pili wavuvi wanasema Ibuka aliiba ile pumzi. Sura ya tatu wachemsha chumvi wanasema hakuiba, alikabidhiwa na wenzake sita akatazame huko juu kuna nini. Ipi ni kweli? Nimewekeana dau na mume wangu. – Mama mwenye duka, Uvinza*

Mwambie shemeji akurudishie hela yako, nawe umrudishie yake.

Wavuvi wa Povuni wanatoza ushuru kila chombo kinachovuka na chumvi. Kama pumzi iliibwa, basi kila anayeishi ndani ya povu ni mdaiwa, na wavuvi, kwa kuwa wao ndio wanaokaa juu ya maji karibu na wenye mali, wamejipa kazi ya kukusanya. Wachemsha chumvi hawataki kulipa. Kama pumzi ilitolewa kwa hiari, hakuna deni, na kama hakuna deni, ushuru wa nini? Nilipokuwa napanga hadithi niliandika kwanza nani anamlipa nani, kwenye jedwali kama la mahudhurio. Imani zao zikaja zenyewe.

Wewe uko Uvinza, hili hukupaswa kuniuliza. Chemchemi zenu za maji ya chumvi zimechemshwa zaidi ya miaka 1,000, na wataalamu wa mambo ya kale wamechimba wakaona masalia. Watawala walichukua sehemu yao ya chumvi. Misafara ya karne ya 19 ikifika mto Malagarasi ilisimamishwa na kulipishwa kabla ya kuvushwa; Stanley, yule msafiri Mzungu, alilipa mwaka 1871 na akanung'unika sana kwenye maandishi yake. Malipo hayo yaliitwa hongo. Neno ni lile lile, na wakati ule lilitajwa mchana kweupe kama leo tunavyosema kodi. Sasa jiulize mtoza hongo wa mtoni angesimulia vipi mwanzo wa mto, na mbeba mzigo aliyelala njaa ng'ambo akisubiri kuvushwa angesimulia vipi. Mto ni mmoja.

Hata ziwa lenyewe lina kisa chake, na Stanley huyo huyo alikiandika aliposimuliwa hapa Ujiji mwaka 1876. Palikuwa na mtu na mkewe, uani kwao wana kisima kirefu chenye samaki wasiokwisha. Ilikuwa siri, isionyeshwe mgeni, ikitoka ni maangamizi. Mume akasafiri. Mke akamwonyesha hawara wake kisima. Nchi ikapasuka, maji yakafurika bonde zima na watu wake, na hilo ndilo ziwa.

Nilipokisoma mara ya kwanza, nikiwa msichana, nilimchukia yule mwanamke. Sasa nina wajukuu, naweka dau, maadamu nyinyi mmezoea dau, kwamba Stanley hakusimuliwa na mwanamke. Mwanamke angeuliza kwanza huyo mume alikuwa anasafiri kwenda wapi. Halafu angeuliza kwa nini kisima cha samaki wasiokwisha kifichwe uani na majirani wana njaa.

Wajiolojia nao wana kisa chao: ardhi ya Afrika inavutwa pande mbili, ikapasuka katikati, pale palipodidimia pakakusanya maji, na kazi hiyo ilianza miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Nimekifundisha na nakiamini. Ila hakina wa kulaumiwa, na sijapata kumsikia mtu akikisimulia usiku.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, naishi Tabora. Nimeunda dunia yangu. Ina miungu 12, enzi saba, kila enzi miaka 10,000, na ramani ya rangi. Nimeshaandika kurasa 140 za historia yake. Hadithi yenyewe bado sijaianza. Nianzie wapi? Naambatanisha kurasa sita.*

Marahaba, baba. Kurasa 140! Nilifanya kazi Tabora miaka minne, najua joto la Oktoba linavyomfungia mtu ndani, lakini 140 ni nyingi.

Nimezisoma zote sita. Mwandiko mzuri. Katika enzi ya tatu umeandika "falme zilistawi na kuanguka." Miaka 10,000, na humo hakuna hata mtu mmoja aliyechemsha maji. Hakuna aliyepoteza kandambili. Miungu wako wanapigana kwa radi ukurasa wa pili, wa tatu na wa tano, na kila mara milima inavunjika. Ilipovunjika mara ya tatu nilikwenda kuangalia sufuria jikoni.

Una mungu wa saba, wa misitu, umempa mistari minne. Huyo ndiye mali yako, na hujui kwa sababu unakaa Tabora, na mtu haoni cha kwao. Nenda Sikonge au Urambo, au muulize mzee yeyote anayeuza asali sokoni, jinsi mzinga wa gome unavyotengenezwa. Wanachagua mti wa miombo wenye gome zuri, wanalizungushia panga juu na chini, wanalibandua zima kama shati. Linashonwa, linapandishwa juu kwa kamba, nyuki wanaingia. Mzinga ni mwepesi na hauna gharama. Lakini mti uliovuliwa gome kuzunguka pande zote unakufa. Unakauka taratibu umesimama, na majani yake hayajui bado.

Mfanye mtu wako wa kwanza avue gome la kwanza. Apate asali, awalambishe watoto, kijiji kicheze ngoma usiku kucha. Na mti ule uwe ndiye mungu wako wa saba. Hakuna radi, hakuna vita, mungu amekufa kwa panga la mlina asali ambaye hakuwa na ubaya na mtu. Hapo una enzi mbili, kabla ya asali na baada ya asali, na hukuhitaji kuhesabu miaka hata mmoja.

Kuhusu idadi ya miungu. Sijui kabila lako, lakini waulize Wanyamwezi wazee hapo ulipo. Mungu mkuu waliyemtaja ni Likube. Waliita pia Limatunda, muumba, Limi, jua, Liwelelo, ulimwengu. Lakini tambiko hazikwenda kwake moja kwa moja mara nyingi, zilikwenda kwa mizimu ya ukoo. Aliyeumba alikuwa mbali. Aliyekuwa anawatia watu homa na kuwazuilia mvua ni babu, tena babu anayejulikana jina, mwenye kinyongo cha ng'ombe fulani. Wewe una kumi na wawili wa mbali na babu hata mmoja huna.

Na weka kitu kimoja kilicho kikubwa kwa umri kuliko miungu wako. Ukija Kigoma kwa treni utauona mto Malagarasi. Mto huo ni mzee kuliko ziwa. Ulikuwa ukitiririka kwenda magharibi, upande wa Kongo, kabla bonde la ufa halijafunguka mbele yake na kuumeza. Ndiyo maana hadi leo una samaki ambao ndugu zao wako Kongo na ndani ya ziwa hawamo. Nilipolijua hilo niliweka Povuni mto unaoitwa Mzee Mkaidi. Siku ya sikukuu ya Pumzi, watu wote wakipiga magoti kukiri deni, hakuna anayechota maji ya mto ule, kwa sababu wenyewe ulikuwepo kabla pumzi haijakopwa na haudaiwi chochote. Watoto watundu huenda kuoga humo siku hiyo ili wawe huru hadi jioni.

Ramani. Yangu niliichora kwa wino kwenye karatasi nne nilizogundisha kwa uji wa muhogo. Mjukuu wangu, wakati huo ana miaka miwili, akaivuta kutoka mezani pamoja na bakuli la mawese. Milima yote ya kaskazini ikapotea. Nilikaa chini nikalia, mtu mzima, kwa ajili ya milima isiyokuwepo. Siku ya tatu nikachukua kalamu nikachora ufuko kuzunguka lile doa. Ndiyo Ghuba Nyekundu, ambako vita vya sura ya pili vilipiganwa, na ukitazama vizuri kusini mwake pana alama ya kidole gumba kidogo. Hicho ni kisiwa. Bado hakina watu.

Anza na mtu mmoja wa enzi ya tatu anayechemsha maji. Kurasa 140 usizitupe, ziweke chini ya kitanda. Siku mhusika wako atakapodanganya kuhusu historia ya nchi yake, utazifungua ujue amedanganya kwa kiasi gani.

*Mwalimu, wewe ni Mwislamu na tunakuona msikitini. Kuandika kwamba dunia ilitoka mdomoni mwa kizama si kufuru? – Jirani, Ujiji*

Jirani, hukuhitaji stempu, ungeweza kugonga mlango.

Sijaandika *Mungu* wala *Muumba* mahali popote ndani ya Povuni, angalia. Hakuna anayemswalia Ibuka. Wanamdai au wanamtetea, basi. Na sisi tumelelewa vipi? Msimulizi alisema "Hadithi! Hadithi!" tukajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tuliukaribisha uongo kwa jina lake, mlangoni, mbele ya wazazi waliokuwa wametoka kuswali isha. Ninayemwogopa mimi ni yule asiyesema "uongo njoo" kabla ya kuanza.

Na bakuli langu bado liko kwako.

*Mimi ni mvuvi Kibirizi. Umesema watu wa Povuni wanahesabu miezi kwa "giza". Naona umetuibia. Giza moja ni siku ngapi, na mwaka wao una mangapi?*

Nimewaibia, ndiyo, na nitaendelea.

Wasomaji wa mbali hawajui, kwa hiyo niwaeleze. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inawavuta samaki juu, wavu unainuliwa kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haina maana tena, kwa hiyo wavuvi hupumzika, hushona nyavu, huoa, hugombana. Mwezi ukififia wanarudi kazini. Mvuvi hahesabu mwezi, anahesabu giza. Ukisimama juu huku kwetu usiku wa giza, unaona mji mkubwa umewashwa pale ambapo mchana hakuna kitu, na asubuhi mji umekuja ufukweni umekuwa dagaa wanaoanikwa kwenye mchanga.

Basi Povuni, ambako mbingu ni ngozi ya povu, watu wa Enzi ya Pili walitazama juu wakaona taa. Sisi tunaziita nyota. Wao ni watu wa ziwa, wanajua taa usiku inafanya kazi gani. Wakaelewa kwamba huko juu kuna mtu anavua. Na kinachovuliwa, kikitazama taa kwa mshangao, ni wao.

Hiyo ndiyo Enzi ya Taa, na katika zote ndiyo niipendayo. Usiku wa giza hakuna anayetazama juu. Watoto wanafunikwa vichwa kwa khanga. Mwezi mpevu ukitoka wale wa juu wanapumzika, na ndipo Povuni inatoka nje: harusi, minada, mashtaka, hata kuchimba makaburi. Hakuna mhusika wangu aliyekufa na kuzikwa gizani, na msomaji mmoja alishaligundua.

Hesabu yako sasa. Toka giza hadi giza ni siku 29 na nusu, wewe unajua hata bila kuambiwa. Magiza 12 ni siku 354, zinapungua 11 kufikia mwaka wa jua. Kwa hiyo kila miaka miwili au mitatu Povuni hupata giza la kumi na tatu. Wanaliita giza la mkopo. Mtoto anayezaliwa humo hahesabiwi umri mpaka limerudishwa, na hapo ndipo wazee wanapogombana, maana hakuna anayejua linarudishwa kwa nani.

Miaka yenyewe hawaihesabu tangu kuumbwa. Wanahesabu tangu Mlango. Hilo nimelitoa ng'ambo ya pili ya ziwa, mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya maji yetu kutoka. Stanley alipoufika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na majani, maji hayatoki, na ziwa lilikuwa linapanda. Miaka miwili hivi baadaye maji yakalivunja zuio, na ziwa likashuka mita kadhaa, ardhi iliyokuwa chini ya maji ikawa shamba la mtu. Fikiria waliokuwa hapa Ujiji: mwaka huu unahamisha nyumba kwa kuwa ziwa linakufuata, mwaka ule unatembea kulifuata wewe na ndoo mkononi. Ningekuwepo ningeanza kuhesabu upya tangu siku ile, sijali nani aliumba nini.

*Shikamoo Bibi. Mimi nasoma darasa la nne hapa Ujiji. Vizama sita waliobaki chini wanapumua nini?*

Marahaba, mjukuu wangu. Naona umeandika "waliobaki." Usipite karibu na kijiji cha sura ya nne.

Swali lako nimelisoma asubuhi, nikalisoma tena mchana. Sikuwa nimelifikiria. Niliandika kwamba pumzi ilikuwa moja, nikaandika kwamba Ibuka aliondoka nayo, nikaandika sura mbili nzima za watu wanaoogopa kudaiwa na vile sita, na muda wote huo sikuuliza vile sita vinaishije. Kama vimekufa, hakuna mdai, na wavuvi wa Povuni wamekula ushuru wa bure tangu enzi ya kwanza. Kama viko hai, basi pumzi haikuwa moja, na aliyesema ilikuwa moja alisema hivyo kwa sababu yake.

Sura ya tano ilikuwa imeshakwenda kwa mhariri. Nimempigia simu airudishe, amenuna. Niandikie wewe unavyoona, ukurasa mmoja unatosha, na utumie kalamu ya wino, ya risasi inafutika njiani.